Tupokigwe Asajile na Sifuri Iliyozidi

Baada ya miaka thelathini na sita ya kupokea simu, kuziunganisha na pale ilipobidi kuzikaripia, Mama Tupokigwe Asajile anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Katika muda huo hospitali yetu hapa Tukuyu imebadilisha waganga wafawidhi tisa. Mtu wa simu alibaki yuleyule.

Mzaliwa huyu wa Mpuguso aliajiriwa mwaka 1989, enzi ambazo kupiga simu nje ya nchi kulikuwa safari. Unaomba laini, unasubiri, pengine unakwenda kula na kurudi. Ilipowezekana kupiga moja kwa moja, alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake kodi za simu, yaani namba zinazotambulisha kila nchi jirani: Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Msumbiji 258, Zambia 260, Malawi 265, Kongo 243. Alizikariri hata akimenya ndizi. Alijua pia kwamba wakati simu za dunia nzima zilipitia 000, Nairobi ilikuwa na mlango wake wa uani, 005, na Kampala 006. Daktari mmoja Mganda alibisha kabisa, mpaka aliposikia sauti ya mama yake mzazi kwenye waya. Tangu siku hiyo alimwamkia Mama Tupokigwe kabla ya kumwamkia mganga mfawidhi.

Kisha zikaja simu za mkononi, na sisi wajuaji tukaanza maneno. Chumba cha simu kigeuzwe stoo ya magodoro, kila mtu si ana simu yake mfukoni? Mwandishi wa maneno haya, Godwin wa idara ya kumbukumbu, aliunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili. Mama alisikia, akanywa chai yake, akaendelea na kazi.

Majibu tuliyapata Machi 2017. Mwanamke asiyejulikana aliletwa kutoka Kyimo, ameanguka kutoka kwenye lori la ndizi lililokuwa likirudi kutoka Tunduma. Hakuwa na fahamu, damu ilikuwa ikivuja tumboni, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinaandaliwa. Kwenye fundo la kitenge chake kulikutwa kikaratasi chenye namba iliyoanza na sifuri na tisa, jina hakuna. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumtafuta ndugu. Nilipiga namba kama ilivyoandikwa, ikagoma. Nikatanguliza 255, ikagoma. Nikatangaza kwamba namba imekosewa, nikatupa karatasi kwenye ndoo ya taka.

Mama Tupokigwe aliiokota, akaikung'uta, akanitazama kwa huruma. "Namba haijafa, mwanangu. Haijavuka mpaka tu."

Huku kwetu watu huvuka kwenda sokoni na kurudi, na namba huziandika kama zinavyopigwa kwao. Akaiondoa ile sifuri ya mbele. Kwa kuwa lori lilitoka Tunduma, mpakani mwa Zambia, alianza na 260; kimya. Akajaribu 243, mwanamume mmoja wa Lubumbashi akacheka, akamwombea mgonjwa heri. Akaweka 265. Ikaita.

Mama akasalimia kama anavyosalimia kila mtu, awe wa Nkunga au wa Nairobi: "Ugonile!" Kule Karonga mwanamke akajibu kwa lugha inayokaribiana mno na ya kwetu. Alikuwa dada wa mgonjwa. Mgonjwa anaitwa Lilian, akasema, ana ugonjwa wa moyo, na kila siku anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mama aliacha mkono wa simu ukining'inia, akakimbia kumwambia daktari. Sijawahi kumwona akikimbia kabla wala baada ya siku ile. Daktari alikuwa ameshavaa glavu. Akampa Lilian kwanza dawa ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda, ndipo akashika kisu. Lilian akapona.

Habari ya stoo ya magodoro haikusikika tena. Ile kalenda ilichapishwa upya, na leo imebandikwa kila wodi. Ndugu wa wagonjwa mia mbili na kumi na moja wamepatikana kwa njia hiyo, wote wameandikwa kwenye daftari lake kwa majina. Muuguzi Modesta, anayerithi kiti, amepewa mtihani wa kodi mara tatu, na mara ya tatu amefaulu.

Mama, mimi ndiye niliyetupa kile kikaratasi, na kwa miaka minane hukumwambia mtu. Leo nimesema mwenyewe. Asante kwa kuinama na kukiokota.

Nenda Mpuguso ukapumzike, migomba yako ikuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Namba yako tumeiandika ukutani kwa utaratibu wako, +255 mbele, sifuri nje. Na sherehe ya kukuaga itakapoanza, tazama kiti cha mbele upande wa kulia. Jana Lilian alivuka mpaka, amekuja na dada yake, kukuambia mwenyewe asante sana kwa lugha ya kwetu: ndaga fijo.