Mafiga ya Mlangoni: Maisha ya Laurian Filipo Ntandu, 1988–2025

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na kwa jua, haya nimeyaandika mimi Dorika, bibi yake mzaa baba, niliyeishia darasa la tatu, na Stumai anayewasomea nimemkataza kurekebisha kitu, hata pale ninapojianika.

Laurian alizaliwa hapa Mgori tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa pekee wa marehemu mwanangu Filipo, nikamlea mimi, akaanza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1996, akamaliza mwaka 2002 akiwa amechora ng'ombe kwenye kila daftari na hesabu kwenye machache, kisha akasoma sekondari Singida mjini hadi mwaka 2006.

Mwaka 2007 alikwenda Dodoma kwa fundi wa mabango, akarudi mwaka 2011 na kazi niliyoiita kudanganya macho, yaani kupamba baa, kumbi na sehemu za kuchezea watoto zifanane na mahali pengine, akajenga pango la saruji ndani ya duka la aiskrimu mjini, nikamwambia Singida mawe yametujaa mpaka shambani, wewe unafinyanga mengine ya nini, akacheka tu.

Alifunga ndoa na Editha tarehe 20 Juni 2015, kanisani hapa Mgori, wakajaliwa Theodora, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2016, na Filipo mdogo, aliyezaliwa tarehe 11 Januari 2020.

Februari 2023 alipewa kazi ya bustani ya nyama choma kule Mandewa, akataka kujenga humo tembe kama lile nilimozaliwa, akaja na daftari, shikamoo bibi, mlango ulikuwa na upana gani, ng'ombe walilala wapi, mafiga yalikaa wapi, na mimi niliyelihama tembe kwa vigelegele, kwa viroboto wake na udongo wa paa kudondokea kwenye uji, nikachukia kuona watu wa mjini wanakwenda kustarehe ndani ya taabu yangu, nikamwambia mafiga yalikaa mlangoni, mjukuu wangu, pale pale kizingitini, ili wazee wamcheke atuachie mambo yetu.

Akayaweka mlangoni. Kila mzee aliyefika alisimama akauliza, ng'ombe wa nyumba hii jioni wanaruka moto, na jirani yangu Amosi alipokuja kunisimulia nilicheka mpaka nikashika mbavu, Laurian akanialika mara tatu, sikwenda.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, na wiki moja kabla hajafa nilimweleza ukweli kitandani, akasema, najua bibi, mzee Amosi aliniambia siku ile ile ya kufungua, nilikuwa nakusubiri uje uyahamishe mwenyewe. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Juzi nilikwenda. Mle ndani kila kitu kimeshikwa kwa saruji, mpaka vibuyu, isipokuwa mafiga matatu, hayo aliyaacha juu ya vumbi tu, yanabebeka hata na kikongwe, nikayabeba moja moja mpaka chumba cha nyuma yalikokaa ya mama yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mandewa na wa Mgori, mafundi wenzake waliosimamisha kazi siku tatu, na Editha, aliyemuuguza bila kunung'unika wakati mimi nilikuwa hodari wa kusema.

Pumzika kwa amani, Laurian, ng'ombe wanapita.