Miguu ya Boti ya Ludovick

Kijiwe chao kilikuwa Unga Limited, Arusha, ubavuni mwa duka la spea la Yoeli: benchi moja la mbao, tairi mbili za lori zilizolazwa chini, na jiko la mkaa la dada Ndeshi lenye birika la kahawa tangu asubuhi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila mwenye ujanja alikuwa anaingiza kitu nchini, huyu mitumba, yule redio, mwingine magari yaliyochoka Ujapani. Ludovick, Mchagga aliyetajirikia mawe ya Mererani, yeye aliingiza boti. Boti ya mwendo kasi, nyeupe, pua imechongoka kama pasi, akaipaki kwenye yadi yake njia ya Kisongo ambako ng'ombe walikuwa wanapita na kuishangaa. Alitaka kuipeleka Ziwa Viktoria ikabebe watalii. Injini zake mbili za zamani akaziona dhaifu, akazing'oa, akafunga mbili mpya za V8. Kilichobaki kuamuliwa ni miguu, yaani ile mitambo miwili inayoning'inia nyuma ya boti, inayopokea nguvu ya injini na kuishusha kwenye pangaboi majini. Aliyepewa kuamua alikuwa Melkizedeki, fundi wa giaboksi, ambaye kijiweni walimwita Bering.

Asubuhi hiyo Bering alikaa na kikombe mkononi bila kunywa.

— Bado hujaamua tu? aliuliza Yoeli, ambaye kwa kuuza spea za Kijapani alikuwa ameitwa Mjapani mpaka mkewe akazoea.

— Miguu ya zamani ni ya injini za zamani, alisema Bering. Nimeifungua. Giya nzima, hazina hata mkwaruzo. Lakini hizi injini mpya zina nguvu karibu mara mbili.

— Si mlete miguu mikubwa?

— Mpaka iagizwe Ulaya. Ludovick anasema wageni wake hawasubiri meli.

Koikai akakunja gazeti. Aliwahi kuwa karani wa forodha Namanga, kwa hiyo kijiwe kilimwita Profesa, naye hakulikataa jina.

— Mnajisumbua bure, alisema. Ziwa Viktoria halina chumvi. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi. Mguu uliotengenezwa kwa bahari, ukiuweka kwenye maji mepesi, unakuwa kama umepumzika.

— Acha hizo, Profesa!

— Soma, Mjapani. Soma.

— Mimi ningetoa miguu yote miwili nikafunga difu ya lori la Scania, alisema Mjapani. Ipo hapo dukani. Imevuta mbao Singida miaka kumi, itashindwa maji?

— Difu itazama na boti yake, alisema Ndeshi, akipepea mkaa.

— Basi injini ya ndege! alisema Profesa. Pale uwanja wa Kisongo kuna kindege kibovu. Unaifunga juu, inasukuma hewa. Miguu ya nini tena?

Walicheka wote, na aliyecheka zaidi alikuwa Elinami. Ni yeye angeiendesha ile boti. Alikuwa kijana wa Machame, dereva wa magari ya watalii aliyelijua kila korongo la Serengeti, na Ludovick alikuwa amemwambia kwamba usukani ni usukani. Alikuwa ameoa juzijuzi tu, binti wa Kimeru kutoka juu ya Tengeru, anaitwa Eunike. Ndeshi alikuwa anamtania kwamba siku hizi anakunywa kahawa haraka.

— Bering, mbe, wewe sema neno moja tu, alisema Elinami. Itahimili au haitahimili?

— Tatizo siyo mwendo, alijibu Bering. Tatizo ni wimbi. Boti ikiruka, pangaboi inazungukia hewani, haina mzigo. Ikirudi majini inakamatwa ghafla. Ule mshtuko unapanda wote kwenye giya. Ni kama kupigwa nyundo.

— Sasa nikiruka?

— Ukihisi inaruka, rudisha mkono wa mafuta. Usisubiri itue.

— Hilo tu? Nimekuelewa.

Ijumaa waliipeleka kuijaribu ziwa Duluti, hapo Tengeru. Watu walitoka sokoni na vikapu vyao kuja kutazama. Elinami aliizungusha, ikanguruma mpaka ndege wakahama mitini, na kila alipotaka kuifungulia kabisa, ziwa lilikuwa limekwisha, inabidi ageuze. Bering alisimama kwenye matope ya ukingoni, kisha akaishika miguu kwa kiganja boti ilipotolewa majini. Haikuwa na joto la kutisha. Hakuna mlio, hakuna oili iliyovuja.

— Fundi, unasemaje? aliuliza Ludovick, funguo zinalia mkononi.

Bering aliyatazama yale maji. Yalikuwa yametulia tena. Alijua Duluti haina wimbi. Alijua pia kwamba wamemngoja yeye wiki nzima, na Elinami alikuwa anamtazama kwa furaha kama mtoto aliyeahidiwa safari.

— Itahimili, alisema. Ila iendeshwe kwa adabu.

Ludovick alisikia lile neno la kwanza tu.

Boti iliondoka Arusha juu ya trela, na kijiwe kikarudi kwenye mambo ya mpira na bei ya sukari. Halafu asubuhi moja simu ya dukani ikalia, Mjapani akaingia kuipokea, akakaa nayo sana. Alipotoka alikuwa ameshika mlango.

— Mwanza hiyo, alisema. Miguu imekatika.

— Yote? aliuliza Bering.

— Ulianza wa kushoto. Jana jioni, mbali huko, upepo umechafuka. Wakasema warudi na wa kulia, ukabeba mzigo wote, nao ukakatika. Elinami akainama nyuma kuangalia, likaja wimbi, likamchukua.

Ndeshi akaweka chini kipepeo cha mkaa.

— Na wenzake?

— Alikuwa na Ludovick peke yake. Ludovick mzima. Anasema alimtupia kamba haikufika, boti haina mtambo, upepo unaisukuma huku na Elinami anabaki kule. Alimsikia akiita. Baadaye hakumsikia. Maboya yalikuwa chini ya viti.

Kisha wakaanza kuongea kama walivyozoea.

— Mimi nilisema difu, alisema Mjapani kwa sauti ndogo. Difu ya Scania haikatiki.

— Si giya, ni chuma chenyewe, alisema Profesa. Siku hizi wazungu wanatuuzia vyuma vilivyoyeyushwa mara ya pili. Tangu milango ifunguliwe, kila kibovu chao kinaishia kwetu.

— Au hakurudisha mafuta, alisema Mjapani.

— Au walimfanyia kitu. Huko ziwani kuna watu hawapendi boti ngeni. Wanatega majini, huoni chochote, mguu unakatika kama muwa.

— Nyamazeni, alisema Ndeshi.

Bering alikuwa anaziona zile giya juu ya meza yake, zinang'aa kwa oili, hazina hata mkwaruzo.

Jua lilikuwa limepanda Eunike alipofika. Mjapani alikuwa ametuma gari Tengeru likamchukue. Alikuwa na kanga mbili na viatu vya shambani, hakupewa muda wa kubadili. Wanaume wa kijiwe walikuwa wamemwona mara moja tu, siku ya harusi. Aliwapita akaingia dukani, na simu ilipolia tena walimsikia akijibu ndiyo, ndiyo, sijui, ngoja. Akatoka. Akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, haikusikika vizuri.

Bering akasimama.

— Shemeji, alianza. Ule mguu, mimi ndiye niliye...

— Sijauliza mguu, kaka, alisema Eunike bila hasira, ila kwa haraka. Nataka kuwauliza kitu kimoja. Elinami anajua kuogelea?

Wakatazamana.

— Mwanza wananiuliza mimi, na mimi simjui kiasi hicho, hata mwaka hatujamaliza. Wanasema pale alipoangukia kuna visiwa karibu. Kama anajua kuogelea, watapita visiwani. Kama hajui, watashusha nyavu palepale. Boti ya kutafutia ni moja, mafuta kidogo. Ninyi mnakaa naye kutwa. Anajua?

Profesa alikuwa na gazeti mkononi na hakulifungua. Mjapani alitazama tairi aliyoikalia. Bering alitafuta kichwani. Alimjua Elinami anavyopanga giya kwenye mteremko wa Ngorongoro, alijua hapendi sukari kwenye kahawa, alijua timu yake, alijua jina alilotaka kumpa mtoto wa kwanza. Machame kuna mito, aliwaza, lakini ni mito ya mawe, ya kuvuka kwa miguu. Siku ile Duluti Elinami alirukia botini kutoka ukingoni, hakulowa hata kifundo.

— Hakuwahi kusema, alisema Bering mwishowe.

— Hamkumwuliza?

Birika lilikuwa limekauka jikoni, likaanza kunuka, na Ndeshi hakuliondoa.

Dukani simu ilikuwa inalia tena. Eunike akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akageuka, akaingia. Safari hii sauti yake ilitoka wazi, kubwa, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

— Anajua! Ndiyo. Anajua kuogelea vizuri sana. Tafuteni visiwani.

Wakatafuta visiwani, kimoja hadi kingine, mpaka mafuta yakaisha. Aliyekuja kuuona mwili wa Elinami ni mvuvi wa dagaa, na hakuuonea kisiwani.