Castory Laurenti Manamba (1962–2025): Aliyewatafutia Wanyama Ukoo

Baba Padri, ndugu zetu wa jumuiya, majirani wa Ngamiani na nyote mliofika hapa Mwera, shikamooni wakubwa. Mimi ni Blessing, binti wa marehemu. Alisema wasifu wake nisome mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kugombania kazi hii.

Castory Laurenti Manamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa, kwenye kambi ya shamba la mkonge, akiwa mtoto pekee wa Mzee Laurenti na Mama Praxeda. Mama Praxeda alilelewa na masista wa misheni na hakuwajua waliomzaa. Mzee Laurenti aliletwa akiwa kijana kuja kukata mkonge. Wenzake kambini walijulikana: huyu Mha, yule Mbena, yule Mmakonde. Yeye akiulizwa kwao wapi alijibu, "Nyuma huko," kisha akaendelea kunoa panga lake. Hakuna aliyewahi kupata jibu la pili.

Mwaka 1970 marehemu alianza shule ya msingi. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza, "Baba yako nani?"

"Laurenti."

"Laurenti nani?"

Mtoto akajibu alichokuwa akikisikia kila siku: "Laurenti manamba."

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi, manamba walikuwa vibarua wa mkonge walioletwa kutoka mbali wakapewa namba. Mwalimu, mgeni kutoka bara, alidhani ni jina la ukoo, akaliandika kwa herufi kubwa. Kosa lile likaenda naye sekondari mjini Tanga, likaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikosoma elimu ya wanyama, likapanda ndege hadi Sweden alikopata shahada ya pili ya jenetiki mwaka 1996. Nami nimelirithi. Ni Manamba, ila namba gani, sijui.

Mzee Laurenti alifariki mwaka 1974. Mnajua misiba yetu ilivyo. Mtani hushuka kaburini akagoma kutoka, huvaa koti la marehemu, huiga kikohozi chake, mpaka mjane mwenyewe anacheka bila kutaka. Lakini utani huenda kwa kabila, na la Mzee Laurenti halikujulikana, basi hakuna aliyethubutu kumtania. Walimzika kimya, wakanawa mikono, wakatawanyika. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia kwamba kaburi halikumtisha siku ile. Kilichomtisha ni ule ukimya, kwamba baba yake amelala pale na hakuna hata mtu mmoja wa kumtukana.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa wanyama mjini Tanga, akatumikia hadi alipostaafu mwaka 2022. Ukimletea unywele, kipande cha ngozi kavu au kinyesi kilichookotwa msituni, alisoma vinasaba vyake akakwambia ni cha mnyama gani, na ndugu za mnyama huyo ni akina nani. Kipenzi chake alikuwa sange, yule mdogo mwenye pua ndefu anayefukuafukua majani makavu. Watu humwita panya. Baba alikuwa akikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. "Panya si ndugu yake hata kidogo," alisema. "Ndugu zake ni tembo, na pimbi, na nguva wa baharini. Sura hudanganya." Alipowalinganisha sange wa misitu ya Pangani na wale wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, akakuta ni wa asili moja waliotenganishwa na mashamba ya watu, alirudi nyumbani akiimba. Na baba hakuwa mtu wa kuimba.

Tarehe 21 Julai 1990 alifunga ndoa na Anjela, muuguzi, mwenyeji wa Lushoto. Posa ilikwama mwanzoni. Wazee wa Kishambaa walitaka kujua binti yao anakwenda kwa watu gani, na mshenga hakuwa na la kusema. Mwisho babu yangu wa kule alichoka akasema, "Basi, tumwoze huyo manamba. Watoto watakuwa na ukoo upande mmoja, si haba." Waliishi vizuri. Mama alifariki mwaka 2006, nami nilipoolewa Dodoma, baba akabaki peke yake kwenye nyumba ya Ngamiani, mjini Tanga, redio ikiongea kutwa nzima ili kuwe na sauti. Alizoea kupika wali wa watu wawili. Desemba ikifika na watu wa milimani wakipanda mabasi kwenda kwao, majirani walimwuliza, "Mzee Castory, wewe huendi kwenu?" Aliwaaga wote, akarudi ndani. Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote katika maisha yake, na linaniuma sasa.

Jioni moja kwenye baraza ya kahawa alikuwa akiwaeleza watu habari za ukoo wa sange. Mzee Uweso Shekhe, muuza samaki, Mzigua wa huku Pangani, akamkatiza: "Ebo! Sange wamjua babu yake, wewe je? Hata panya buku akushinda kwa ukoo!"

Baraza nzima ikamgeukia baba. Wengine waliinamisha nyuso. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtania.

Tangu siku hiyo Mzee Uweso alijitangaza kuwa mtani wake. Hoja yake ilikuwa moja: "Sisi Wazigua tuna watani kila pembe. Kabila lako lolote litakalokuwa, haliwezi kutukosa." Baba, mtu wa maabara, alikataa kila mara. "Utani haugawiwi kama karanga, Uweso. Una asili yake. Nipe ushahidi."

Ushahidi aliutafuta mwenyewe. Mwaka 2019 alipeleka mate yake yapimwe nje ya nchi. Yalirudi majibu yenye ramani, rangi ikiwa imemwagika kutoka Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Nyasa na kuvuka. Aliinyoosha mezani. "Inaniambia nilikotoka," alisema. "Haisemi ni nani aliyekuwa akinisubiri." Akaikunja, hakuizungumzia tena.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Nilihamia Tanga kumwuguza. Aliumwa kwa adabu, hakutaka kusumbua mtu. Ombi lake lilikuwa moja: "Blessing, mwanangu, usije ukanizika kimya." Nilimwitikia, huku sijui nitafanyaje. Waimbaji huitwa wakaja, hata matarumbeta hukodiwa. Mtani hakodiwi. Marehemu alituacha alfajiri ya Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025.

Hapa ndipo ratiba mliyoshika inapofikia mwisho wake. Imeandikwa kwamba ameacha binti mmoja, Blessing, na mjukuu mmoja, Daniel. Kijana wa duka la steshenari aliyeichapa aliniuliza kama kuna ukurasa umepotea. Yanayofuata nayasema kwa mdomo, kwa sababu yametokea sasa hivi mbele ya macho yenu.

Tumefika na jeneza, tumemkuta Mzee Uweso chini kaburini, amevaa koti jeupe la maabara la baba juu ya kanzu, miwani ya baba puani, anagoma kutoka. Mmemsikia: "Simpokei mtu mpaka nimpime! Mleteni hapa nimtazame pua, isije ikawa mwanizikia sange!" Akakohoa kile kikohozi cha baba chenyewe, cha kuvuta mwishoni. Nimecheka, nanyi mmecheka. Baba Padri naye amecheka, asikatae.

Nilipomsihi atoke, nilimwambia, "Mzee Uweso, marehemu alitaka ushahidi."

Akanijibu akiwa humo humo shimoni, machozi yakimtoka chini ya miwani isiyo yake: "Ushahidi wataka upi tena? Mmekuja hapa mwalia. Sasa mwafanya nini?"

Basi naomba mwenye kalamu asahihishe ratiba yake. Marehemu ameacha binti mmoja, Blessing. Mjukuu mmoja, Daniel. Na mtani mmoja, Uweso Shekhe, Mzigua.

Lala kwa amani, baba. Umetukanwa vizuri. Hapa ndipo kwenu.