Bi Mishi na Mnazi wa Ukumbini

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mishi Tsofa anastaafu baada ya kuitumikia hoteli yetu hapa Shanzu kwa miaka thelathini na mmoja, yote akiitunza miti ya ndani ya ukumbi wa kioo. Aliyeombwa aandike habari zake ni mimi, Aqil wa mabomba. Wamechagua vyema. Hakuna aliyemwona akifanya kazi kunishinda mimi, wala hakuna kilichomea ukumbini humo bila maji yangu.

Alipokuja kutoka Likoni alikuta marumaru, paa la vioo, na mitungi ya maua yaliyokauka kwa upepo wa kiyoyozi. Alianza na kuisogeza mitungi. Kisha akaleta mipopoo, mikindu na mivumo, akawa anaigeuza kila wiki isije ikainamia upande wa jua, na kuyafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi, moja moja, kama anayemwosha mtoto uso. Wageni kwao kila mti ni mnazi. Bi Mishi hakubali. Humshika mgeni mkono akampapasisha: huu mkindu, sikia miiba hapa chini, huu mvumo, jani lake hufunguka kama kipepeo cha jikoni, huu mpopoo, tazama shingo yake ilivyo laini. Bwana mmoja alisimama chini ya mpopoo akauliza nazi zitaanguka lini. Bi Mishi akamwambia, “Ukizingoja hizo, mwanangu, itabidi tukuandike kazi.”

Lakini mti wake hasa ni ule wa katikati. Huo ni mnazi kweli. Mnazi wa kawaida ungelitoboa paa zamani, ndiyo maana alitafuta kitamli, ule mfupi. Alivuka feri na nazi iliyochipua, ameipakata. Nilipoiona nikasema huu mrefu, vioo vitatuangukia. Akanionyesha kikonyo cha jani, manjano kama embe bivu, akasema wa mrefu huwa kijani. “Wewe Aqil jua mabomba. Miti niachie.” Mti ukakaa mfupi hadi leo. Yeye husema ni macho yake. Mimi husema ni bahati, na sitabadilisha.

Sasa nieleze la mwaka huu, na mwenyewe ameniruhusu. Mwezi wa Agosti chonga aliingia ukumbini, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi. Bi Mishi akafanya alivyofanya mamake, na mama wa kila mtu pwani hii: akapanda ngazi akatia mchanga na chumvi kwenye makwapa ya makuti. Chonga akakoma. Ila huko mashambani mvua hunyesha, chumvi ikashuka chini ikaenda zake. Ukumbini mvua itoke wapi? Chumvi ilibaki palepale, juu ya moyo wa mti. Mwezi uliofuata kuti la katikati, lile jipya ambalo bado limefumba, likasimama halikui, na ubavuni likaingia rangi ya chai.

Mnazi una moyo mmoja tu. Ukifa huo, hakuna tawi jingine la kushika zamu.

Meneja wetu, Bwana Clifford, si mtu mbaya. Alisema mnazi uliokufa utaangukia wageni, na hilo ni kweli. Akatoa muda: kuti lisipofunguka kabla ya siku ya kumuaga Bi Mishi, mti unakatwa, na mnazi wa plastiki, ambao tayari uko stoo ndani ya boksi, utasimama mahali pake. Bi Mishi alikuwa amekwisha kujiona akitoka langoni, nyuma yake watu wakisema ndiye huyo aliyeuua.

Mimi nikasema, tuuoshe. Akakataa. Maji yakituama kichwani, moyo utaoza. “Chumvi inauchoma, nawe waja na mafuriko!” Tulizozana mbele ya mapokezi hadi Josephine, ambaye ndiye atakayemrithi kazi, akatuomba tushushe sauti. Sikushusha. Nilimwambia maji yangu huenda ninapoyatuma, na wallahi hayajawahi kunikaidi. Akasema, “Haya, fundi. Ukiniulia mti, usinijie Likoni.”

Tukaufunga shina kwa nailoni, kama mtu aliyevikwa aproni, ili maji ya chumvi yasishuke kwenye mizizi wala kwa mikindu iliyo jirani. Mimi nilipandisha mpira mwembamba, maji yakitoka kidogo kidogo. Bi Mishi juu ya ngazi aliyachota kwa sifongo kila yalipotaka kutuama, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akayatema. Yalipoacha kuwa na ladha ya chumvi, alinipungia mkono nifunge. Kisha tukangoja, na kungoja huko kulinizeesha.

Jumatatu ya wiki iliyopita Bwana Clifford alitaka kujua. Njia ni moja: unalishika lile kuti lililofumba, unalivuta. Likichomoka kama kisu alani, moyo umeoza, kwisha. Bi Mishi akapanda. Mimi nilishika ngazi, sikumwachia mwingine. Ukumbi mzima ulitazama juu, hata wageni na kahawa zao. Akalishika kwa vidole viwili. Nilimwona akifumba macho. Akavuta. Akavuta tena, na safari hii ngazi ilitikisika mikononi mwangu. Kisha ikaja sauti yake kutoka juu, ndogo, “Limenikatalia.” Josephine akapiga kigelegele. Bi Mishi akamkemea: kukataa si kufunguka.

Limefunguka jana Jumatano. Ncha zake zimeungua, hudhurungi upande mzima. Josephine alikwenda na mkasi azipunguze, hoteli ipendeze kwa sherehe. Bi Mishi akamshika mkono. “Liache, mwanangu. Atakayekuja na chumvi baada yangu, alione.” Kwa hiyo Ijumaa mtakapoketi, tazameni juu katikati. Bwana Clifford mwenyewe ameamuru lisiguswe, na boksi la mnazi wa plastiki limerudishwa dukani.

Bi Mishi, tunakushukuru sote, mimi wa kwanza, ingawa bado hujakiri kwamba ni maji yangu. Mungu akupe afya na umri wenye raha, pamoja na watu wako. Nenda Likoni ukapumzike kwenye minazi yako. Huko mvua inanyesha. Tia chumvi upendavyo.