Aliyesubiri Jibu la Pili

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Makorora, Pongwe na Muheza, mlioko Pangani mjini na ng'ambo ya mto kule Bweni, karibuni. Anayekaanga na apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu.

Anaitwa Dokta Dorkasi Kiondo. Tunasema anaitwa, kwa sababu jina halizikwi. Mwenyewe tumemzika Jumamosi iliyopita kwao Pongwe, baada ya kuugua saratani. Alikuwa mhadhiri wa saikolojia ya afya katika chuo kimoja hapa hapa Tanga. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Dokta Dorkasi Kiondo, mhadhiri wa saikolojia ya afya, binti wa Pongwe.

Najua kuna mtu keshauliza, saikolojia ya afya ndiyo mdudu gani? Wengi wakisikia saikolojia hufikiria wehu. Sivyo. Ni elimu inayouliza kwa nini mtu anapewa dawa mkononi, anajua itamsaidia, ana maji kwenye kikombe, na bado hainywi. Dokta Dorkasi alilifuata swali hilo maisha yake yote. Na wasikilizaji wapendwa, hakulitoa kitabuni. Alilitoa nyumbani kwao.

Baba yake, Mzee Asheri Kiondo, aliteremka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge. Akajenga Pongwe, akaimba kwaya ya Kilutheri, akasomesha watoto. Dorkasi alipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam, mzee akagundulika ana presha. Kila Jumapili binti alipiga simu. Baba, hujambo? Sijambo, tunamshukuru Mungu. Na dawa je? Zipo. Na kweli zilikuwepo. Zilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, hazijaguswa tangu alipojisikia nafuu. Mzee Asheri akaanguka asubuhi moja akienda kisimani, na hakuinuka tena.

Mdogo wake Dorkasi, Bwana Anold Kiondo, alitusimulia habari za siku ya msiba huo. "Dada alifika na kilio," alisema. "Akaniuliza, Anold, mbona hamkuniambia? Nikamwambia, dada, wewe ulituuliza hujambo, sisi tukakujibu. Alinyamaza. Nilidhani nimemuudhi. Kumbe lilimwingia."

Lilimwingia kweli. Maana sisi watu wa huku tunajijua. Mtu akiulizwa habari, kwanza hujibu nzuri. Ndiyo adabu yenyewe. Habari za nyumbani? Nzuri, ila tumefiwa. Habari za safari? Salama, tulipinduka tu pale kwenye kona. Kwanza unampa mwenzio uzuri, ndipo unatua mzigo. Dokta Dorkasi aliliita la kwanza jibu la adabu. La pili ndilo jibu. Na katikati pana kimya. Watafiti wengi, alisema, hurukia swali linalofuata kabla kimya hakijaiva.

Kwa hiyo darasani kwake mambo yalikuwa kinyume. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza hakuruhusiwa kumhoji mgonjwa yeyote. Alipelekwa kliniki akae kwenye benchi na wagonjwa, asogee wakisogea, azungumze bei ya nazi. Wanafunzi walimcheka chini chini, wakampachika jina la Bi Subira. Alilijua jina hilo na akaliitikia. Ila alikuwa na ugomvi na methali moja tunayoipenda sana, ile ya mficha maradhi kifo humuumbua. Alisema methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake. Na sisi tuliouliza tukaondoka, akasema, nani atatuumbua?

Sasa msikilizeni Suhaila.

Suhaila binti Amour ni mwanafunzi wake wa mwisho. Wazazi wake ni Wapemba waliohamia Makorora miaka mingi iliyopita. Baba yake, Mzee Amour, alilima mpunga na karafuu kule kisiwani, na hapa ana duka la nafaka. Mama yake ni Bi Kazija. Suhaila ni wa kwanza katika ukoo wao kusomea shahada ya uzamili, na mtaa mzima unajua, kwa sababu Mzee Amour amehakikisha unajua.

Utafiti wa Suhaila ulihusu wagonjwa wa kisukari wa Pangani. Alitaka kujua kama wanatumia dawa inavyotakiwa, na kama wana amani na ugonjwa wao. Alikwenda na kishikwambi chenye maswali, akahoji mjini, akapanda kivuko akahoji Bweni. Ana kasi yule binti. Alirudi na matokeo ya kupendeza. Karibu wote wanatumia dawa vizuri. Karibu wote hawana hofu. Akampelekea mwalimu wake, na moyoni keshachagua vazi la mahafali.

Dokta Dorkasi alisoma yote. Alisoma taratibu, miwani ikimteleza puani. Kisha akasema maneno ambayo Suhaila anasema atakwenda nayo kaburini.

"Suhaila, umeniletea salamu. Majibu yako wapi?"

Binti alijitetea. Maswali yalipitishwa na chuo. Watu wamejibu kwa hiari yao. Dokta akamuuliza jambo moja tu: kama wote wanatumia dawa vizuri, ni nani hao wanaokatwa miguu? Akaambiwa arudi Pangani aanze upya, na safari hii akae na kila mtu mpaka kimya kiive.

Kuanza upya maana yake ni kuyakosa mahafali. Mkuu wa idara, Dokta Robert, alimsihi mwenzake amwachie mtoto wa watu apite, maana takwimu zimekaa sawa. Dokta Dorkasi akakataa. Na jambo ambalo Dokta Robert hakulijua wakati ule, wala Suhaila hakulijua, ni kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaambiwa ana saratani. Alijua huenda asiuone mwisho wa hiyo kazi ya kuanza upya. Akaidai vivyo hivyo.

Suhaila alilia njia nzima mpaka Makorora. Mzee Amour akapandisha hasira. Asubuhi yake akavaa kanzu na koti, akamfuata mwalimu ofisini, na bintiye akamfuata nyuma akiomba ardhi ipasuke.

Dokta aliinuka kumpokea. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya mkato. Akamvutia kiti. Akauliza habari za nyumbani.

"Njema, alhamdulillahi," akasema Mzee Amour.

Dokta hakuongeza neno. Hakushika kalamu, hakutazama simu. Alimtazama mzee kwa utulivu, kana kwamba siku hiyo hana kazi nyingine. Suhaila anasema kimya kile kilimchoma, akatamani kukijaza kwa lolote. Mzee Amour alikohoa. Akapangusa jasho. Yale maneno makali aliyoyapanga tangu Makorora yakawa hayaji. Na alipofumbua kinywa, kikatoka kitu kingine kabisa.

"Mke wangu ana sukari, Dokta. Dawa kaacha tangu Ramadhani. Nami n'najua, na n'nanyamaza. Huyu mtoto hajui."

Wasikilizaji wapendwa, tafadhali mpate picha. Binti anatafiti kisukari. Kavuka mto kuwauliza watu wasiomjua kama wanatumia dawa. Na mama yake mzazi, anayelala chumba cha pili, ameacha dawa miezi kadhaa. Si kwamba Suhaila hakuuliza. Aliuliza kila asubuhi akifunga viatu. Mama, umekunywa dawa? N'shakunywa, mwanangu. Hewala, kwaheri. Akatoka.

Mzee Amour alisahau kabisa kugombana. Dokta Dorkasi alimwambia Suhaila aende nyumbani, na asiende kama mtafiti wala kama mkaguzi wa vidonge. Aende kama mtoto.

Akaenda. Alimkuta Bi Kazija anachambua mchele, akakaa naye kwenye mkeka, akachambua naye. Akamuuliza mama hali yako. Mzima, alhamdulillahi. Suhaila akaendelea kuchambua. Mchele ukaisha kwenye sinia, wakamimina mwingine. Ndipo Bi Kazija akaanza, macho yapo kwenye mchele. Alisema dada yake kule Wete alikunywa dawa zote alizopewa, na mguu ukakatwa. Alisema alipoziacha kwa ajili ya mfungo akajiona mwepesi, akasema heri asijue kitu kuliko kujua akangojea kisu. Na akasema hakumwambia Suhaila kwa kuwa hakutaka kumtia unyonge mtoto aliye masomoni.

Suhaila hakumkemea. Alifunua miguu ya mamaye akaitazama, na chini ya kidole kimoja akakuta kidonda ambacho mwenyewe hakukihisi. Siku ile ile walikwenda hospitali. Waliwahi. Nalirudia neno hilo kwa furaha: waliwahi.

Baada ya hapo, nani angemzuia binti yule? Alirudi Pangani bila kununa. Alikaa na wanaume wanaokuna nazi, akakaa na kina mama wanaosubiri kivuko. Na majibu ya pili yakaanza kuja. Huyu alidhani sukari ina dozi, na ameshaimaliza. Yule anatumia nusu ya kidonge ili mumewe naye apate nusu. Mwingine alitishwa kliniki kwamba asipofuata masharti atakatwa mguu, akaogopa, akaacha kwenda kliniki. Zaidi ya nusu ya wale waliosema wanatumia dawa vizuri, walikuwa wameziacha.

Nusu, jamani.

Wakati huo saratani ilikuwa imeshamlaza Dokta Dorkasi. Alirudi nyumbani Pongwe kwa mdogo wake Anold, na chuo kikahamia kitandani pake. Kila alasiri Suhaila alifika na kishikwambi, akamsomea majibu ya Pangani moja moja. Dokta aliyasikiliza akiwa amefumba macho. Akisikia jibu limewahi mno, aliinua kidole, na Suhaila akajua kwamba kwa mtu huyo lazima arudi. Anold alimwomba dada yake apumzike. Akamjibu kwamba mapumziko yanakuja yenyewe, hayahitaji kufuatwa.

Alasiri moja Suhaila aliingia akamsalimu, akamuuliza kama hajambo.

"Sijambo, mwanangu. Haya, soma."

Suhaila hakusoma. Alikiweka kishikwambi sakafuni, akakaa. Anold alikuwa sebuleni, anasema alisikia nyumba imenyamaza mpaka akasimama. Kimya kilikaa. Mwalimu alimtazama mwanafunzi wake, akajua anafanyiwa nini, na angeweza kumfukuza. Hakumfukuza.

"Naogopa, Suhaila," akasema. "Wagonjwa wote hao, na hili silijui. Naogopa."

Suhaila hakumpa pole wala methali. Alimshika miguu, akaikanda, na wote wawili wakalia. Baadaye sana Dokta alijifuta machozi kwa pembe ya khanga.

"Sasa umefaulu," akamwambia. "Yaliyobaki ni karatasi. Soma."

Na akasoma. Walimaliza majibu yote. Dokta Dorkasi akatia saini yake kwenye kazi hiyo, na hakufika mwisho wa mwezi. Wiki hii Suhaila ametetea utafiti wake mbele ya jopo. Niseme kwa ufupi: mwalimu alitia saini, mwalimu akafariki, mwanafunzi amefaulu. Muhula ujao ataanza kufundisha somo lile lile, na amesema wazi kwamba muhula wa kwanza ni benchi.

Juzi tulikwenda Makorora na kinasa sauti kuzungumza na Bi Kazija. Tulimuuliza hajambo. Akasema hajambo, alhamdulillahi. Kisha mtasikia kimya. Fundi mitambo wetu, Sabiri, alitaka kukikata, maana redioni kimya ni hitilafu. Nilimwomba akiache kilivyo. Baada ya kimya hicho, Bi Kazija anasema hivi:

"Yule mama sikupata kuonana naye hata siku moja. Nilipoambiwa kafa, nilikwenda Pongwe. Nikashuka barabarani, nikatembea mpaka msibani. Kwa miguu yangu hii. Yote miwili."

Kwa niaba ya kituo chetu, tunatoa pole kwa Bwana Anold Kiondo na familia yote ya marehemu Mzee Asheri, Pongwe na Lushoto. Pole kwa walimu wenzake, na Dokta Robert tunajua unasikiliza. Pole kwako Suhaila. Pole kwa wagonjwa wa Pangani waliompoteza mtu aliyewasubiri. Mungu ampumzishe Dokta Dorkasi Kiondo mahali pema.

Nasi tuliobaki tuna kazi. Nyumbani mwako yuko mtu anayekujibu kila siku kwamba hajambo. Leo mwulize, halafu usifunge viatu. Kaa.

Na tuanze sisi wenyewe, hapa hapa. Wasikilizaji wapendwa, habari za huko?

Nimesikia. Mmesema nzuri.

Tunasubiri.