Ndizi za Harusi Katika Chumba cha Maparachichi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani na redio umeiweka juu ya jiwe, isogeze karibu. Leo tunamkumbuka Flavia Tesha wa Kirua Vunjo, ambaye majirani walimwita Mama Violet. Tulimzika wiki iliyopita katika kihamba cha mume wake, lile shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, pembeni ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Flavia Tesha, Mama Violet, wa Kirua Vunjo.

Flavia alizaliwa Old Moshi. Mama yake alikuwa akiuza mboga na nyanya sokoni mjini. Aliteremka asubuhi na matenga yamejaa, na jioni akapanda na nusu yake, nyanya zimelainika kwa jua, nyingine zimepasuka. Hakulalamika. Alizimwaga zizini na kusema, "Haya, leo ng'ombe wana karamu." Flavia alikuwa akisimama pale mlangoni akitazama. Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake, Violet, "Ng'ombe wetu walikula nyanya nzuri kuliko sisi." Alisema akicheka. Lakini Violet anasema mama yake hakuwahi kumwaga chakula bila kukunja uso.

Aliolewa Kirua Vunjo na Rogath Tesha. Kahawa ilipoanza kuzeeka, Rogath na mkewe walipanda miparachichi katikati ya migomba. Majirani nao wakapanda. Miti ikakua, ikazaa, na wageni wengine wakaja bila kualikwa: nzi wa matunda. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya tunda. Tunda linaanguka, linaoza, funza anatoka, anaingia udongoni, na baada ya muda anatoka nzi mwingine. Usipookota matunda yaliyoanguka, unafuga nzi.

Basi Flavia akawa anaokota. Aliokota kwake, kisha akavuka mpaka wa shamba, akaokota kwa majirani. Aliyatia katika mfuko wa nailoni, akaufunga kabisa na kuuacha juani mpaka funza wafe, ndipo akayazika. Jirani yake, Mzee Wenseslaus, alimkuta siku moja ameinama chini ya mpera wake.

"Wewe Flavia, hata vilivyooza vyangu unaniibia?"

"Shikamoo, baba. Naiba funza tu. Mapera mazima nimekuachia mtini."

"Marahaba. Basi ukimaliza funza, kaibe na magugu."

Mzee Wenseslaus alitusimulia hayo huku akifuta macho. Akaongeza, "Msimu ule mapera yangu hayakuwa na funza. Sikumwambia aika, hata asante tu. Nilidhani ataendelea kuwepo."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye kile chumba. Ukienda Kirua Vunjo utakiona, kiko pembeni ya mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka juu. Kuta zake ni waya wa kuku, tabaka mbili, na katikati kumejazwa mkaa. Mkaa unamwagiwa maji kutoka mfongo. Upepo ukipita kwenye mkaa ulioloa, ndani panakuwa baridi, bila umeme. Flavia alikiona chumba cha namna hiyo kwa wakulima karibu na Kwa Sadala, akarudi nacho kichwani. Wanawake wa kikundi chao, kinachoitwa Tunza, walimcheka kwanza.

"Mkaa wa kupikia, wewe unataka upoze?" aliuliza Bernadetha.

Bernadetha ni wifi yake Flavia, dada yake Rogath, na ndiye mwenyekiti wa kikundi. Alicheka, lakini ndiye aliyeleta gunia la kwanza la mkaa. Walijenga pamoja. Flavia akapewa ufunguo. Aliwafundisha kuchuma kwa mkasi na kuacha kipande kidogo cha kikonyo, kwa sababu parachichi lililong'olewa kikonyo huoza kuanzia pale pale. Msimu wa kwanza, mnunuzi alichukua kreti zote. Hakurudisha hata moja.

Chumba kilikuwa na sharti moja kubwa. Ndizi zinazoivishwa haziingii humu. Ndizi inapoiva hutoa hewa usiyoiona, na hewa hiyo huyaamsha maparachichi yaive kabla ya siku yake. Flavia alikuwa na namna yake ya kulieleza. "Parachichi lina wivu," alisema. "Likimwona mwenzake anaiva, nalo linakimbilia huko huko."

Kila mwanamke wa kikundi alilijua sharti hilo. Naomba tulishike hili, wasikilizaji wapendwa. Kila mmoja alilijua.

Msimu wa pili, mvua za masika zilikuwa kubwa. Julius, mtoto wa Bernadetha, alikuwa anaoa baada ya Pasaka. Na huku kwetu mlimani, harusi bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, watu wataondoka na maneno. Mbege inataka ndizi zilizoiva vizuri. Zamani mikungu ilipangwa darini, juu ya moto, ikaiva kwa joto na moshi. Siku hizi nyumba nyingi hazina dari ile. Jiko la Bernadetha lilikuwa linavuja. Akina mama wa ukoo na wa kikundi, Bernadetha mbele, wakaja na mikungu kichwani, wamelowa, wanaimba, wakasimama mbele ya chumba cha mkaa.

"Mama Violet, fungua. Tunanyeshewa."

"Wifi, humu kuna maparachichi."

"Na hapa kuna harusi. Kipi kikubwa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema kwa nyuma, "Mwacheni, anataka Julius aoe kwa soda!"

"Sijakataa harusi," Flavia alisema. "Gari la mnunuzi linakuja kesho. Likishabeba, chumba chote ni chenu, mlale humo mkipenda."

"Basi ni usiku mmoja tu," alisema Bernadetha. "Usiku mmoja utafanya nini? Hizi ni ndizi za mtoto wako, wifi."

Flavia alitazama ile mikungu. Aliyatazama maji yakitiririka usoni mwa wifi yake. Mke aliyeolewa katika ukoo, akifungia nje ndizi za harusi ya ukoo huo, atayabeba maneno hayo mpaka uzeeni. Akafungua mlango.

Kesho yake gari halikuja. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani huko chini. Keshokutwa yake pia halikuja. Flavia aliacha mlango wa chumba wazi ili ile hewa itoke, akaifunika mikungu kwa turubai, akaenda kwa Bernadetha kumwomba azihamishe ndizi. Bernadetha akamjibu, "Nizipeleke wapi, wifi, na mvua hii?" Na kweli, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hawakusikilizana vizuri.

Gari lilipofika, mnunuzi alichukua parachichi moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akachukua la kreti nyingine. Kikazama. Hakugomba. Alipangusa kidole kwenye suruali, akapanda gari, akateremka nalo tupu.

Harusi ikafanyika, na mbege ikanyweka. "Ilikuwa tamu," Bernadetha alituambia, akiutazama mkeka. "Sijawahi kupika mbege tamu vile. Tulikunywa sote. Hata waliokuja kumlaumu Flavia walikuwa wamekunywa."

Maana walimlaumu. Baada ya harusi, kikundi kilikaa kikao. Hakuna aliyeuliza ndizi zilikuwa za nani. Walijua. Hakuna aliyekumbusha nani aliimba mlangoni. Walikuwepo. Walisema mwenye ufunguo ndiye mwenye kosa. Flavia alisimama, akasema, "Ni kweli, nilifungua mimi." Akauweka ufunguo mezani, akaaga, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Ufunguo akauchukua Bernadetha.

Tangu siku hiyo mkaa haukumwagiwa maji. Mlango ukabaki wazi; mtu mmoja akaweka kuni ndani ya chumba, mwingine akaweka majembe mabovu. Madalali wa kabla ya chumba wakarudi na vijana wao wa kutikisa miti. Maparachichi yakadondoka kama mawe, yakachubuka, yakawa meusi ndani kabla hayajafika Himo. Misimu miwili ilipita hivyo. Na Flavia aliendelea kuokota vilivyooza, kwake na kwa wale wale waliomsema.

Violet anasema, "Nilimwambia, mama, waachie nzi wao. Akaniambia, mwanangu, nzi hawajui nani alinisema."

Je, hawakujuta? Walijuta. Ndiyo maana kumbukumbu hii ni nzito. Walikuwa wameshakubaliana kumrudishia ufunguo na kumwomba radhi. Wakasema tusubiri Pasaka ipite. Ikapita. Wakasema tumalize palizi kwanza. Siku moja Bernadetha alienda na ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga, kwenye sala ya jumuiya iliyofanyika nyumbani kwa Flavia.

"Tulisali pamoja," anasema. "Akanipa kiburu cha ndizi na maharage, nikala, nikamsifia. Kila nikitaka kufungua lile pindo, naona watu ni wengi. Nikasema nitarudi tukiwa wawili. Nikaondoka nao."

Baridi ya mwaka huu ilimkuta Flavia na kikohozi. Kikawa homa ya mapafu. Rogath alimteremsha Moshi hospitalini. Flavia hakurudi tena mlimani akiwa hai.

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kuondoa tanga. Nayo inataka mbege. Juzi akina mama walikuja na mikungu, na mvua, kama kawaida yake, ikawakuta njiani. Mwanamke mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, "Chumba cha mkaa hakitumiki. Tuiweke humo."

Bernadetha alikimbia akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Si humu."

"Lakini dada, ni kuni na majembe tu. Hakuna hata parachichi moja."

"Hata kama. Alisema si humu. Leteni kwangu."

"Kwako wapi? Jiko linavuja."

"Chumbani kwangu hakuvuji."

Wakaibeba mikungu yote mpaka kwake, wakaipanga kando ya kitanda. Kisha wakarudi na mafagio. Wakatoa kuni, wakatoa majembe, wakachota maji mfongoni na kuumwagia mkaa mpaka ukaloa kuta zote. Bernadetha akafungua pindo la khanga, akampa Violet ufunguo.

Violet hakuupokea. "Shangazi, mimi ni mtoto wa mama yangu," alisema. "Mkija mnanyeshewa, na mimi nitafungua. Shikeni nyote. Siku hiyo mkatae nyote."

Basi sasa ufunguo unazunguka, nyumba hadi nyumba.

Kwa Mzee Rogath, kwa Violet, kwa ukoo wa Tesha na kwa wanawake wa Tunza, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampumzishe Flavia mahali pasipooza kitu. Na kwako unayesikiliza: yuko mtu umemwachia mlango aulinde peke yake, na wewe ndiye unayeugonga. Pengine unamjua. Kama una neno lake kwenye pindo la khanga, usingoje palizi iishe.

Mlimani, maparachichi yamebakiza wiki chache yachumwe. Chumba cha mkaa kina baridi. Na ndizi za tanga la Flavia zinaiva taratibu, kando ya kitanda cha wifi yake.