Upande wa Namba Shufwa

Mnajua ni nani aliyepiga simu ile ya shuleni, zamani zile? Corliss, isogeze hiyo simu yako karibu na mdomo wangu inirekodi, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kulisema jambo hili mara mbili. Na wewe Thaddeus, kaa chini, acha kuichokonoa mashine ya oksijeni, haijakukosea kitu.

Sikilizeni wanangu. Nyumba ni ya Corliss. Gari ni la Thaddeus, pamoja na breki zake mbovu. Piano ni ya dada yangu Ardith wa ng'ambo ya barabara. Kunjeni nyuso mtakavyo, nisikilizeni tu.

Juzi Ardith kaja na sufuria la sukuma iliyopikwa na nyama ya moshi, nami nikiwa hapa kitandani nasikia kila neno mlangoni. Thaddeus, ukamwambia, "Mama mdogo, rudi na sufuria lako, hapa hatuli chakula cha wasaliti." Naye akakujibu, "Thad, jiko la mama yako halijawaka tangu Jumapili, utachagua chakula wewe?" Nikacheka mpaka nikakohoa damu. Kisha nikalia, maana msaliti alikuwa kitandani.

Mtaa huu wetu wa Burkhardt umekatwa katikati na mstari usioonekana. Sisi wa nyumba zenye namba shufwa watoto wetu huenda shule za Tolliver. Wao wa namba witiri huenda Fairmead. Kila shule hulishwa na kodi inayotozwa kwa thamani ya nyumba za upande wake, na nyuma ya kina Ardith kuna majumba ya madaktari, ilhali nyuma yetu kuna kiwanda cha matairi kilichofungwa, kinafuga panya. Kwa hiyo wao wana bwawa la kuogelea, sisi tuna ndoo chini ya paa linalovuja.

Mimi nina digrii ya ualimu wa muziki, ile pale ukutani, inakula vumbi. Nilifundisha Tolliver miaka mitatu, wapiga kura wakakataa kuongeza kodi ya shule, muziki ukafutwa wa kwanza, nami nikafutwa pamoja nao. Nikaomba kazi Fairmead mara nyingi mpaka karani akaijua sauti yangu. "Tutakupigia, mama." Mpaka leo. Nilikuwa nikisimama hapo kwenye sinki na sahani mkononi, bendi yao inapita barabarani na sare mpya, inaongozwa na kibinti kimetoka chuo juzi, kinahesabu mapigo kwa kukosea! Wivu ukanijaa, nikawa nagonga mapigo sahihi kwenye sahani.

Ndipo Corliss ukatimiza miaka kumi na miwili, unapuliza tarumbeta hata majirani wanazima televisheni wakusikilize. Ardith akasema, "Dada, mwandikishe kwangu. Sahihi nitaweka mimi." Akapeleka bili yake ya maji iwe ushahidi wa anwani, akaapa kwamba wewe ni mtoto wa nyumba yake. Kila alfajiri ukavuka, ukaingia kwa mlango wake wa nyuma, ukanywa chai, ukatoka kwa mlango wa mbele, maana mkaguzi wa shule alikuwa akiegesha gari pale kuangalia mtoto gani anatoka mlango upi. Ukajifunza vizuri, mwanangu. Vizuri mno. Ukaanza kusema "nyumbani" ukimaanisha kwake.

Siku ya tamasha ukapiga peke yako, ukumbi mzima ukapiga makofi. Kile kibinti cha bendi kikasema, "Mama yake Corliss, tafadhali asimame." Ardith akasimama na kofia yake ya manjano. Angefanyaje, makaratasi ndiyo yaliyosema hivyo. Mimi nilikuwa safu ya mwisho. Mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Na wewe una mtoto hapa?" Nikamwambia, "Hapana."

Jumatatu nikapiga simu. Nikaibana sauti puani, nikasema, "Kwenye bendi yenu kuna mtoto wa namba shufwa."

Usiizime, Corliss. Utalia baadaye.

Wakakutoa darasani katikati ya kipindi, wakakunyang'anya tarumbeta, barua ikaja imeandikwa kwamba umeiba elimu. Ardith wakampeleka kwa hakimu kwa kiapo cha uongo. Ukasimama barazani ukamtukana kwamba ndiye aliyekuchongea, kakuuza ili ajiokoe, nami nilikuwa nimekushika mabega, nikakuacha utukane. Miaka ishirini na sita nimekuacha. Na mahakamani, wanangu, walimsikilizisha mkanda wa ile simu. Mngedhani dada haijui sauti ya dada yake, hata ikibanwa? Aliijua. Hakimu akamuuliza kama anamfahamu mpigaji, akasema hamfahamu.

Basi vukeni, nyote wawili, leo hii, msingoje mazishi. Mwambieni Ardith kwamba nimesema kwa mdomo wangu. Akitaka kuja anitukane, mpeni kiti cha karibu. Thaddeus, na kile kibao cha "Kura ya Hapana" ulichokichomeka kwenye majani yangu, king'oe kabla ya kura ya kodi ya shule Jumanne. Unaogopa kodi, naelewa, lakini binti yako anasoma historia kwenye kitabu ambacho jalada lake nililigundisha mimi nilipokuwa nikifundisha Tolliver.

Niinulieni mto... hivyo. Mungu awape kifua kipana kuliko changu. Awape kufurahia cha mwenzenu bila kuumwa tumbo. Corliss, nisamehe, na kama huwezi, usinidanganye.

Sauti hii mpelekee yule mbunge wetu wa bunge la jimbo, na wenzake wote. Nyie mabwana... dhambi ya simu ni yangu, naondoka nayo, simtwishi mtu. Lakini mstari hatukuuchora sisi. Mnapanga shule kwa bei ya nyumba, kisha mnamwita mtoto mwizi akivuka barabara. Kusanyeni kodi ya shule ya jimbo zima mahali pamoja... mgawe kwa idadi ya watoto. Kwa watoto, mnanisikia? Si kwa nyumba. Mfanye... mwaka huu.